Cairati: Mtaliano aliyeichora Fort Jesus

WENGI wapitao mbele ya Fort Jesus kila siku wakielekea Mji wa Kale, Mombasa, hawalijui jina la mtu aliyeichora ngome hiyo. Aliitwa Giovanni Battista Cairati, mzaliwa wa Milan, katika nchi ambayo leo ni Italia. Wareno, aliowatumikia hadi kufa kwake, walimwita João Batista Cairato.

Huenda msomaji akashangaa jinsi mtu wa Milan alivyofika katika utumishi wa Ureno. Wakati huo Milan ilikuwa chini ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, na mfalme huyo huyo alitwaa pia kiti cha Ureno kuanzia mwaka 1580. Kwa hiyo bwana wao alikuwa mmoja. Mwaka 1583 Cairati aliteuliwa kuwa msanifu mkuu wa majengo ya Ureno katika Bahari ya Hindi, makao yake yakiwa Goa. Kazi yake ilikuwa kuimarisha ngome zilizotapakaa kando ya bahari hiyo.

Mombasa iliingia katika hesabu zake kwa sababu ya Waturuki. Nahodha wao, Mir Ali Bey, aliitia hofu pwani hii mara mbili katika miaka ya 1580, na wenyeji wa Mombasa, waliochoshwa na Wareno, walimpokea. Mwaka 1589 merikebu za kutoka Goa zilimkamata hapa hapa kisiwani. Wareno wakatambua kuwa kituo chao cha Malindi hakikutosha. Aprili 1593 ujenzi wa ngome ukaanza juu ya mwamba wa matumbawe unaoutazama mlango wa bandari ya kale. Mafundi waashi waliletwa kutoka India, na vibarua wakatoka Malindi.

Mchoro wa Cairati husifiwa sana. Ukitazamwa kutoka juu, ngome hufanana na mtu aliyelala, mwenye mikono na miguu, na pembe zake zilipangwa ili mizinga ya upande mmoja iulinde upande wa pili. Lakini mchoro ni karatasi tu. Kilichoisimamisha ngome ni chokaa, nayo haisifiwi na mtu.

Fundi yeyote wa zamani wa Mji wa Kale anajua habari zake. Matumbawe huchomwa kwa kuni nyingi hadi yageuke chokaa kali. Ikimwagiwa maji, huchemka yenyewe bila moto na kuvunjika ikawa unga laini mno. Kadiri inavyolala ndani ya maji ndivyo inavyozidi kulainika, ndiyo maana mafundi hawakuwa na haraka nayo. Katika nyumba nyingi za mawe za pwani, chokaa ilichanganywa na udongo mwekundu, na hapo ndipo palipo na ajabu kubwa.

Chukua bilauri ya maji baridi yaliyotibuka kwa udongo. Chembe za udongo zilizo laini zaidi zinaweza kubaki zikielea siku nzima, kwa kuwa kila chembe imebeba chaji hasi ya umeme, na chembe zenye chaji moja husukumana. Ukitia shabu, kama wafanyavyo akina mama wengi, au maji ya chokaa, mambo hugeuka: chembe hukusanyika vidonge vidonge na kuzama. Kalsiamu iliyo ndani ya chokaa hupunguza nguvu ya kusukumana, na mvuto uliokuwa umefichika kati ya chembe na chembe hupata nafasi. Maji ya bahari, kwa chumvi yake, hufanya vivyo hivyo. Baadaye chokaa huvuta kaboni kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, kama matumbawe ilikotoka.

Kimiminika kikibadilika, tabia nayo hubadilika. Mabaharia wa bandari ya kale walijua kuchanganya chokaa na shahamu wakapata deheni ya kupaka matako ya jahazi. Humo chokaa hufanya kama sabuni na mafuta hayo, na sabuni hiyo huzivisha chembe zisigandamane ovyo. Matokeo yake ni uji mzito usioyeyuka majini.

Cairati hakuyajua maelezo haya, wala mafundi wake hawakuyajua. Walijua kwa mkono. Ni mwaka 1937 tu Mholanzi Hugo Christiaan Hamaker alipopiga hesabu ya mvuto kati ya chembe, akaonyesha kuwa nguvu hiyo hutegemea pia kimiminika kilicho katikati, na kwamba chembe za aina mbili tofauti zinaweza hata kusukumana.

Kuta hizo zilijaribiwa vikali. Kuanzia Machi 1696 Waomani waliizingira ngome kwa karibu miaka mitatu, wakaingia Desemba 1698. Ndani yake njaa na maradhi viliua watu wengi kuliko mizinga. Ikawa baadaye ya Mazrui, kisha ya Seyyid Said mwaka 1837, na Waingereza wakaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka 1960 ilifunguliwa kuwa makumbusho, na 2011 UNESCO ikaiorodhesha miongoni mwa urithi wa dunia.

Adui wa leo ni mawimbi yanayoula mwamba wa chini, ambayo serikali imeyajengea ukuta baharini, pamoja na saruji. Saruji ni ngumu kupita matumbawe na hufungia unyevu ndani, jiwe likamomonyoka nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Kwa hiyo jengo kama hili hulazimika kutibiwa kwa chokaa ile ile.

Cairati alifariki Goa mwaka 1596, miaka mitatu baada ya ujenzi kuanza. Kati ya minara minne ya pembeni, São Filipe ulipewa jina kwa heshima ya mfalme, São Matias kwa gavana Matias de Albuquerque, na São Mateus kwa nahodha Mateus Mendes de Vasconcelos. Wa nne ni Santo Alberto. Hakuna uliopewa jina lake.