William Morris, Mshairi Aliyezitetea Kuta Kongwe

Wengi wamjuao William Morris humjua kwa mashairi yake, au kwa vitambaa na karatasi za ukutani alizozipamba kwa nakshi za majani na ndege. Mimi humpenda kwa jambo jingine. Mshairi huyu aliyatetea majengo ya kale ya Uingereza, na utetezi huo ulimpunguzia mali yake mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1834 huko Walthamstow, karibu na London, kwa watu wenye nafasi. Baada ya masomo ya Oxford aliingia mwaka 1856 katika ofisi ya msanifu wa majengo, George Edmund Street, ila hakukaa sana. Humo alikutana na Philip Webb, ambaye baadaye alimchorea nyumba ya matofali mekundu huko Bexleyheath, iliyomalizika mwaka 1860. Mwaka 1861 Morris na wenzake walifungua kampuni ya mapambo, na katika kazi zake kubwa ilikuwa kutengeneza vioo vya rangi vya madirisha ya makanisa.

Zama hizo Waingereza walishikwa na homa ya kuyarudisha makanisa yao katika hali ya zamani. Wasanifu wakubwa, akiwamo Sir George Gilbert Scott, waliupenda mno ujenzi wa karne ya 13 na ya 14. Basi yaliyoongezwa baadaye yakabomolewa, lipu ikakwanguliwa hata mawe yakabaki uchi, na mahali pake pakatiwa kazi mpya iliyojifanya ya kale.

Mwaka 1876 Morris aliiona kazi hiyo katika kanisa la Burford, ikamchoma moyo. Machi 1877, alipopata habari kwamba kanisa kongwe la Tewkesbury limo mikononi mwa Scott, aliandika gazetini kupinga. Mwezi huo huo yeye, Webb na wengineo walianzisha Chama cha Kulinda Majengo ya Kale. Rai yao ilikuwa nyepesi: paa livujalo lizibwe, ukuta uinamao uegemezwe, na kiraka kionekane kuwa ni kiraka. Sisi husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wao waliogopa kwamba ukuta utakaojengwa hautakuwa ule tena.

Hapo ndipo ulipokuja mtihani. Kampuni yake ilikuwa ikiwauzia vioo watengenezaji wa makanisa hayo hayo. Morris akatangaza kwamba haitapeleka tena vioo vipya katika makanisa ya kale, na isipokuwa mara chache, alilishika neno lake. Riziki ile akaiacha ipite.

Alifariki Hammersmith tarehe 3 Oktoba 1896, akazikwa kijijini Kelmscott chini ya jiwe lililochorwa na Webb. Chama chake kingali hai.

Huku kwetu pwani, kila nionapo nyumba ya mawe ikikwanguliwa chokaa yake na kupakwa saruji, ambayo huufungia ukuta unyevu ndani, humkumbuka bwana huyu. Kusema sote twaweza. Kuikataa fedha kwa ajili ya neno tulilolisema, hiyo ndiyo kazi.