Gandhi: Msafiri aliyebeba kiapo cha chakula

SEPTEMBA 4, 1888, kijana wa miaka 18 kutoka Gujarat alipanda meli ya Clyde katika bandari ya Bombay, ambayo siku hizi inaitwa Mumbai, akielekea Uingereza kusomea sheria. Mohandas Karamchand Gandhi, aliyezaliwa Porbandar Oktoba 2, 1869, aliacha nyumbani mke na mtoto mchanga. Mama yake, Putlibai, alikuwa amekataa katakata kumruhusu avuke bahari, mpaka kijana huyo alipoapa mbele ya mtawa wa Kijaini kwamba hatagusa nyama, pombe wala mwanamke.

Nyama haikuwa kitu kigeni kwake. Alipokuwa shuleni, rafiki yake alimshawishi kuwa Waingereza wanaitawala India kwa sababu ya nguvu wanayoipata katika nyama, naye akaila kwa siri mara kadhaa. Usiku wa kwanza aliota mbuzi akilia tumboni mwake. Hata hivyo, hakuacha kwa kumwonea huruma mbuzi. Aliacha kwa sababu alichoka kuwadanganya wazazi wake, akapanga kuila waziwazi siku ambayo wao hawatakuwapo tena.

Melini hakujua kutumia kisu na uma, na aliona haya kumuuliza mhudumu ni chakula kipi kisicho na nyama. Kwa hiyo hakukaa mezani hata siku moja. Alijifungia chumbani akila matunda na vitamu alivyofungashiwa nyumbani. Abiria mmoja Mwingereza alimwonya kwa nia njema kwamba baridi ya huko mbele haivumiliki bila nyama. Gandhi akaamua kwamba ikiwa ni hivyo, atageuza njia arudi kwao.

London ilimtesa kwa njaa. Mboga zilichemshwa bila chumvi wala viungo, na mwenye nyumba hakujua ampikie nini. Alitembea maili nyingi kila siku akitafuta mahali pa kula, akijaza tumbo kwa mkate, hadi alipoukuta mkahawa wa mboga katika mtaa wa Farringdon. Mlangoni paliuzwa vitabu, naye akanunua kimoja cha Henry Salt kinachotetea ulaji wa mboga. Hapo alishiba kwa mara ya kwanza tangu afike Uingereza. Alipokimaliza kitabu, kiapo alichokibeba kwa ajili ya mama yake kilikuwa kimegeuka kuwa imani yake mwenyewe. Akajiunga na chama cha wala mboga cha London, akaingia katika kamati yake, akaanza kuandika katika jarida lao. Mwanasiasa ambaye baadaye aliitikisa dola ya Uingereza alijifunza kuendesha vikao katika chama cha watu wanaobishana juu ya mayai. Aliporejea mwaka 1891, alikuta mama yake amekwisha kufariki.

Aprili 1893 alisafiri tena, safari hii kwenda Afrika Kusini, akapita mwambao wetu. Meli ilitia nanga Lamu kwa saa chache. Nahodha, aliyempenda kwa kuwa walicheza pamoja sataranji, alimwonya kwamba mkondo wa bandari hiyo ni mkali. Gandhi alishuka akaiona posta, akazungumza na makarani wa Kihindi, na kidogo aachwe: mashua yake ilishindwa kushikana na meli, ikabidi avutwe juu kwa kamba. Baadaye walipita Mombasa, kisha wakakaa Zanzibar zaidi ya wiki moja.

Kisa cha kutupwa nje ya treni Pietermaritzburg kinajulikana na wengi. Kisichosimuliwa sana ni usiku wake wa kwanza Pretoria, ambapo mwenye hoteli alimpa chumba kwa sharti kwamba alie humohumo chumbani, wageni wengine wasije wakachukia. Miaka mitano nyuma alijificha chumbani kwa sababu ya chakula. Sasa alifichwa kwa sababu ya rangi. Mwenye hoteli aliona aibu, akawauliza wageni wake, nao wakaridhia, Gandhi akala pamoja nao mezani.

Kiapo hicho kiliwagusa na wengine ambao hawakukiapa. Mwaka 1902, mwanawe Manilal, mwenye umri wa miaka 10, aliugua homa ya matumbo mjini Bombay, na daktari akaagiza mayai na supu ya kuku. Gandhi alikataa, akamtibu kwa maji na juisi ya machungwa. Mtoto alipona. Miaka kadhaa baadaye mkewe, Kasturba, akiwa hoi baada ya upasuaji Durban, alipewa mchuzi wa nyama ya ng'ombe na daktari. Mumewe alipoleta shauri hilo kwake, alikataa kuendelea kuunywa, akabebwa mvua ikinyesha hadi kwenye makazi yao ya Phoenix. Hapa hata wanaomheshimu Gandhi hupata shida kumfuata, kwani mkewe alikuwa mtu mzima; mtoto, ingawa naye aliulizwa, hakuwa na umri wa kujichagulia.

Aliporudi India mwaka 1915, tatizo liligeuka. Kila alikofikia, wenyeji walijikakamua kumridhisha. Mjini Calcutta, wanawake wa nyumba moja walikesha wakimenya njugu na lozi kwa ajili yake. Aliona kwamba ulaji wake, alioudhani kuwa wa kujinyima, ulikuwa mzigo kwa wengine. Akiwa Hardwar mwaka huohuo aliweka nadhiri ya kutokula zaidi ya aina tano za chakula kwa siku, na kutokula baada ya giza kuingia.

Maziwa alikwisha kuyaacha. Mwaka 1918, kuhara damu kulipomkaribisha na kifo, Kasturba alimkumbusha kwamba aliapa akifikiria ng'ombe na nyati, hivyo ya mbuzi angeweza kunywa. Alikunywa, na aliungama waziwazi kwamba ameshika maneno ya nadhiri na kuvunja roho yake.

Maziwa hayo ya mbuzi yalimfuata hadi London mwaka 1931, alipokwenda katika Mkutano wa Meza ya Duara na kukaa Kingsley Hall, katika mitaa ya mafukara. Novemba 20 mwaka huo alihutubia wala mboga wenzake. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwapo Henry Salt, mzee wa miaka 80.

Januari 30, 1948, mjini Delhi, alikula chakula cha jioni akizungumza na Vallabhbhai Patel: maziwa ya mbuzi, mboga na machungwa. Kisha akainuka kwenda kwenye sala, na njiani akauawa kwa risasi.