Maisha ya Bwana Atwater, Mpimaji wa Chakula

Mhariri wetu ametaka kila mkondo wa kidato cha nne utoe habari za mtu mmoja mashuhuri aliyekufa zamani. Wenzangu wameandika juu ya wafalme na majemadari. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakupigana vita wala hakutawala nchi, lakini kazi yake imo katika kila duka la Nyalikungu. Ukichukua pakiti ya biskuti na kuigeuza upande wa nyuma, utaona pameandikwa kalori kadha wa kadha. Njia ya kuipata hesabu hiyo yatoka kwa Mmarekani mmoja, Bwana Wilbur Olin Atwater. Ninayo pia sababu ya pili ya kumchagua, nayo yahusu afya ya mama yangu. Nitaieleza mahali pake.

Bwana Atwater alizaliwa tarehe 3 Mei 1844 huko Johnsburg, katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Methodisti. Alianza masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha Vermont, kisha akahamia chuo cha Wesleyan katika mji wa Middletown, jimbo la Connecticut, akamaliza mwaka 1865. Akafundisha shule kwa miaka michache, halafu akaingia Yale kujifunza kemia ya kilimo. Mwaka 1869 alipata shahada ya udaktari, na jambo alilolichunguza litatupendeza sisi wala ugali: aliyachambua mahindi ya aina mbalimbali, ajue yana nini ndani yake. Hapo ndipo alipoanza tabia ambayo haikumwacha maisha yake yote, ya kutoridhika na kukiona chakula kwa macho tu bila kukipeleka maabara.

Siku zile aliyetaka kuijua kemia sawasawa alikwenda Ujerumani. Naye alikwenda, akakaa Leipzig na Berlin, akaona vituo ambamo wataalamu walipima udongo, mbolea na malisho ya ng'ombe kwa faida ya wakulima. Alirudi kwao mwaka 1871, na mwaka 1873 akawa profesa wa kemia pale pale Wesleyan alikosoma. Mwaka 1875 kikafunguliwa huko Middletown kituo cha majaribio ya kilimo, cha kwanza cha jimbo katika Marekani nzima, naye akawekwa kukiongoza. Miaka michache baadaye aliombwa achambue samaki wa Marekani, akawafanyia kama alivyoyafanyia mahindi.

Lakini lililomgeuza hasa ni safari yake ya pili Ujerumani, ya mwaka 1882 na 1883. Huko Munich alijifunza kwa Profesa Carl Voit, ambaye alikuwa akipima watu ndani ya chumba maalumu ili ajue miili yao yatumia nini. Hapo Bwana Atwater akaona kwamba yanayofanyiwa ng'ombe na mahindi yaweza kufanyiwa binadamu. Tangu mwaka 1887 akaanza kuandika magazetini habari za chakula na kalori kwa watu wasio wataalamu. Kalori hiyo ya chakula ni kipimo cha joto tu: ni joto litoshalo kuipandisha lita moja ya maji kwa digrii moja ya sentigredi. Mwaka 1888 Serikali ya Marekani ilimfanya mkurugenzi wa kwanza wa ofisi ya vituo vya majaribio ya kilimo, kazi aliyoishika mpaka 1891. Akatuma watu waende katika nyumba za vibarua, wapime kila kilichonunuliwa, kilicholiwa na kilichotupwa. Mwaka 1896 yeye na Charles Woods wakatoa jedwali la vyakula vya Marekani, lenye maelfu ya vipimo.

Sasa niseme juu ya chumba chake, maana ndilo jambo lililonivuta kuliko yote. Alikijenga pamoja na Edward Rosa, mwalimu wa fizikia, katika miaka ya 1890. Kilikuwa kidogo kuliko stoo ya bwenini kwetu, urefu wake kama meta 2 na upana kama meta 1 na robo, na ndani mlikuwa na kitanda cha kukunja, kiti na meza. Mtu alifungiwa humo siku kadhaa mchana na usiku. Chakula chake kilipimwa na kupitishwa katika kidirisha chenye milango miwili, hewa isipenye ovyo. Mabomba ya maji baridi yalizunguka chumbani na kulichukua joto la mwili wake. Walio nje walipima wingi wa maji yale na jinsi yalivyopata moto. Hewa aliyoitoa ilipimwa. Choo na mkojo vilipimwa pia, kwa kuwa si yote yaliwayo hubaki mwilini. Siku nyingine alikaa kitako tu. Siku nyingine alipewa baiskeli isiyokwenda popote, akaikanyaga saa nyingi mpaka jasho likamtoka.

Jibu lilikuwa safi ajabu. Walipojumlisha majaribio yao, nguvu iliyoingia kwa chakula na ile iliyotoka kwa joto na kazi zililingana, na tofauti haikufika hata sehemu moja katika mia. Kama mtu alikula pungufu ya matumizi yake, mwili ulilipa kwa akiba yake wenyewe. Kama alikula zaidi, ulijiwekea. Binadamu yumo katika sheria ile ile ya nguvu tunayofundishwa katika fizikia, wala hana msamaha wake peke yake.

Kutokana na majaribio hayo, na kazi za Wajerumani waliomtangulia, akatuachia namba tatu nyepesi: gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu moja ya protini kalori 4, na gramu moja ya mafuta kalori 9. Tuzijaribu kwa karanga zetu. Gramu 100 za karanga zina protini kama gramu 25, mafuta kama gramu 49 na wanga kama gramu 16. Basi 100, na 441, na 64. Jumla ni kama kalori 600. Konzi moja ya gramu 30 ni kalori 180.

Hapa ndipo ninapomwingiza mama. Yeye ni mshonaji, hukaa kwenye cherehani kutwa. Mwezi wa Januari alishauriwa na daktari apunguze uzito kwa sababu ya shinikizo la damu, naye alikuwa na kilo 88. Akaanza kutembea kila alfajiri katika barabara ya Bariadi, kilomita 2 kwenda na 2 kurudi, bila kukosa hata siku ya mvua. Kufika Aprili alikuwa na kilo 84. Kisha mizani ikasimama. Nilipofika nyumbani likizo ya Juni ilikuwa bado 84, na majirani walikuwa wamekwisha kumshauri mambo mengi: mmoja aache kula usiku, mwingine anywe maji ya ndimu, mwingine aongeze mwendo mpaka kilomita 8. Mama alikuwa amekaribia kukata tamaa, akidhani huenda mwili wake si kama wa wengine.

Nilikuwa nimekwisha kusoma habari za Bwana Atwater, nikaona kwamba mizani iliyosimama si kimya, nayo ni kipimo. Maana yake ni kwamba kiingiacho na kitokacho ni sawa, kama katika chumba cha Middletown. Kwa hiyo tukijua anachokula, tumejua na anachotumia, matembezi yakiwa ndani ya hesabu hiyo hiyo. Tuliazima mizani ya jirani anayeoka keki, tukapima siku saba. Mama aliendelea kula kama kawaida yake, nami nikaandika daftarini kila kitu kabla hakijaingia kinywani, hata kijiko cha kuonjea mboga.

Sahani zake za asubuhi, mchana na usiku, yaani ugali wa dona, michembe, wali siku moja moja, dagaa na mlenda, zilileta wastani wa kalori 1,640 kwa siku. Hizo ndizo alizokuwa akizihesabu mwenyewe kuwa chakula. Lakini pembeni ya cherehani mlikuwa na bakuli la karanga za kukaanga, na kwa siku alikula konzi mbili: kalori 360. Chai alikunywa vikombe vitatu, kila kimoja vijiko vidogo vitatu vya sukari, na kijiko kilipimwa gramu 4. Ni gramu 36 kwa siku, kalori 144. Jumla ikawa karibu 2,150. Matembezi yake yote ya alfajiri, kwa mtu wa uzito ule, huongeza matumizi kwa kalori 160 au 170 hivi juu ya kukaa. Konzi moja ya karanga iliyafuta.

Tena mwili uliopungua huhitaji kidogo kuliko ulivyohitaji kwanza. Kilo 4 zilizoondoka zilikuwa nazo zikilishwa na kubebwa barabarani. Chakula kilichompunguza mwezi wa Februari kilikuwa mwezi wa Juni kinamtosha barabara.

Na kwa nini asiongeze mwendo tu? Katika jambo hili twaweza kupata somo hapa hapa karibu. Wahadzabe wanaishi kandokando ya Ziwa Eyasi, na baadhi yao wamo wilayani Meatu, katika mkoa wetu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwa Wahadzabe 30 watu wazima, ambao walinyweshwa maji yaliyotiwa alama ya kisayansi ili matumizi ya miili yao yajulikane bila kuwafungia chumbani. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake kama 6. Hata hivyo, ukilinganisha watu wenye miili sawa, hawakutumia kalori nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaokwenda kwa motokaa. Yaelekea mwili ukizoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Jinsi unavyobana, wataalamu wangali wakijadiliana. Matembezi yana faida kubwa kwa moyo na kwa shinikizo la damu, na mama hakuyaacha. Ila kuyategemea yapunguze uzito peke yake ni kuyatwika mzigo usio wao.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kama kalori 7,700, kwa hiyo haraka haifai. Mama alikubali kuacha konzi moja ya karanga, kushusha sukari toka vijiko tisa mpaka vitatu kwa siku, na kupunguza mafuta ya kukaangia kwa nusu. Sehemu yake katika hayo ilikuwa kalori 60 hivi. Jumla ni karibu 330 kwa siku, wala hakulala na njaa. Mwishoni mwa Agosti mizani ilisoma kilo 82. Niseme hapa, kwa ajili ya wenzangu wa mabwenini, kwamba hesabu hii ni ya mtu mzima aliyeshauriwa na daktari. Sisi tungali twakua, na anayeacha uji wa asubuhi ili awe mwembamba anajinyima mwenyewe.

Narudi kwa Bwana Atwater. Hakuwa mtu wa kusema yale tu ambayo watu walipenda kuyasikia. Mwaka 1899 alieleza kwamba kileo nacho, kwa kiasi kidogo, huchomwa mwilini na kutoa nguvu, kalori kama 7 kwa gramu. Waliopiga vita ulevi walimkasirikia sana, na wauza pombe wakalitumia jina lake katika matangazo yao. Yeye mtoto wa mchungaji hakufurahia hata kidogo, lakini hakuifuta namba.

Tena alikuwa na upungufu wake. Shida aliyoitazama sana ni ya kibarua asiyekuwa na fedha, apate nguvu nyingi kwa senti chache. Kwa hiyo alisifu maharage na unga, akaona mboga za majani ni karibu hasara, kwa kuwa kalori zake ni kidogo. Vitamini hazikuwa zimejulikana bado. Mimi naliona jambo hili kuwa la ajabu: mama alilisoma jedwali la namna ile ile kutoka chini kwenda juu. Mlenda, ambao Bwana Atwater angemwambia asipotezee fedha, ndio uliomjaza sahani wakati ugali unapungua. Lakini si haki kusema kwamba hakuwaona walioshiba. Aliandika pia kwamba Wamarekani wenye nafasi walikula mno mafuta na vitu vitamu, na mazoezi yao yalikuwa machache.

Mwaka 1904 alipatwa na kiharusi, asiweze tena kufanya kazi. Alikufa Middletown tarehe 22 Septemba 1907, akiwa na umri wa miaka 63. Francis Benedict, aliyekuwa msaidizi wake chumbani, aliendeleza vipimo katika mji wa Boston. Binti yake, Helen, aliingia Idara ya Kilimo ya Marekani, akaandika habari za chakula kwa ajili ya watu wa kawaida, na baadaye akawa mhariri wa jarida la sayansikimu.

Majedwali ya vyakula yaliyofuata, nchi kwa nchi, yangali yakisimama juu ya kazi yake. La kwetu la Tanzania lilitolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe, na Chuo Kikuu cha Harvard. Hilo ndilo nililolitumia likizo ile. Mwalimu wetu wa baiolojia anayo nakala. Mzazi au mwanafunzi atakaye kuiona na amwendee baada ya vipindi, aje na daftari na kalamu yake.