HUGO GROTIUS: MFUNGWA ALIYETOROKA NDANI YA SANDUKU LA VITABU

Mtu akiiba kuku kijijini, chifu yupo, polisi wapo na mahakama ipo. Lakini nchi ikipora meli ya nchi nyingine, itashtakiwa wapi, na kwa sheria gani? Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kuzichunguza sheria za kimataifa. Nimeona njia rahisi ya kuingia humo ni kumfuata mtu mmoja, Mholanzi aitwaye Hugo Grotius, ambaye wengi humwita baba wa sheria hizo.

Grotius alizaliwa tarehe 10 Aprili 1583 katika mji wa Delft, Uholanzi. Alikuwa na akili za ajabu. Akiwa na miaka 11 tu, alijiunga na Chuo Kikuu cha Leiden! Mwaka 1598 alikwenda Ufaransa pamoja na ujumbe wa nchi yake, akapata shahada ya sheria, kisha akarudi kwao kuwa wakili.

Mwaka 1603 Waholanzi waliteka meli ya Wareno iitwayo Santa Catarina karibu na Singapore, ikiwa imesheheni hariri na vyombo vya kauri vya Uchina. Wareno hao ni wale wale tunaowasoma katika Historia, walioanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593. Walidai ati njia za bahari za kwenda Mashariki ni zao peke yao. Kampuni ya Uholanzi iliyofanya biashara huko ikamtaka Grotius aitetee.

Hebu tazama alivyofanya utafiti. Hapakuwa na kitabu kimoja chenye jibu. Alipekua Biblia, sheria za Warumi, wanahistoria na wanafalsafa wa kale, akitafuta mambo ambayo watu wa mataifa mengi wanakubaliana. Mwaka 1609 sehemu ya kazi hiyo ilichapishwa kwa Kilatini bila jina lake. Iliitwa Mare Liberum, yaani Bahari Huru. Hoja yake ilikuwa kwamba bahari kuu haiwezi kuwa mali ya taifa lolote.

Basi mwaka 1613 alitumwa London kuwatetea Waholanzi, ambao sasa walitaka kuwafungia Waingereza biashara ya viungo huko Mashariki. Kumbe Waingereza walikisoma kitabu kile! Wakamjibu kwa hoja zake mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hapa kuna funzo kwa kila mtafiti: ukisoma hoja ya sheria, uliza kwanza mwandishi alikuwa akimtetea nani.

Mambo yakaharibika. Mabishano ya dini na siasa yalimkosanisha na Mwanamfalme Maurice. Kiongozi wa upande wake, Oldenbarnevelt, alikatwa kichwa mwaka 1619, naye Grotius akahukumiwa kifungo cha maisha katika ngome ya Loevestein. Humo aliruhusiwa kuletewa vitabu ndani ya sanduku kubwa. Walinzi walilikagua mpaka wakachoka. Mkewe, Maria van Reigersberch, akaiona nafasi. Mnamo Machi 1621 alimtia mumewe ndani ya sanduku, yeye akabaki chumbani. Askari wenyewe wakalibeba nje! Mtumishi wao wa kike, Elselina, alilisindikiza mpaka mji wa Gorinchem bila kutetemeka. Grotius alivaa nguo za mwashi, akatorokea Antwerp, kisha Paris. Nasema wazi, bila ya wanawake hawa wawili kitabu chake kikubwa huenda kisingeandikwa.

Kitabu hicho, Sheria ya Vita na Amani, kilitoka Paris mwaka 1625, wakati Ulaya ikiteketea katika Vita vya Miaka Thelathini. Grotius alifundisha kwamba hata vitani kuna haki, na kwamba mfalme hufungwa na ahadi zake kama mtu wa kawaida. Baadaye akawa balozi wa Sweden huko Paris. Mwaka 1645 meli yake iliharibiwa na dhoruba, akaugua, akafa mjini Rostock tarehe 28 Agosti. Amezikwa Delft.

Wewe unayetaka kuanza utafiti, fuata nyayo zake. Kwanza tafuta mkataba, na uone kama nchi husika iliuridhia. Pili, angalia desturi ambazo mataifa huzifuata kama sheria. Tatu, tafuta kanuni za jumla za sheria. Kisha soma hukumu za mahakama na maandishi ya wataalamu, yakusaidie kuelewa.

Jaribu na kesi yetu wenyewe. Kenya na Somalia ziliridhia Mkataba wa Sheria ya Bahari mwaka 1989. Mwaka 2014 Somalia ilitushtaki kuhusu mpaka wa bahari katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo iko The Hague, si mbali na Delft. Hukumu ilitolewa tarehe 12 Oktoba 2021, ikaipa Somalia sehemu kubwa ya eneo lililogombaniwa. Kenya iliikataa. Soma mkataba, soma hukumu, halafu uamue mwenyewe kama kukataa huko kulikuwa haki. Nami ningali nikisoma. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 2, inasema kanuni za jumla za sheria za kimataifa ni sehemu ya sheria za Kenya. Kwa hivyo si mambo ya Wazungu wa kale tu, ni yetu sisi sote.