Tingatinga: Aliyechora kwa miaka minne, jina lake likawa fani

WAKULIMA wa Bariadi, Itilima na Meatu mkoani Simiyu wanamfahamu tembo kwa hasara. Mnyama huyo hutoka katika hifadhi zinazopakana na mashamba yao, na usiku mmoja tu humtosha kuifuta jasho ya msimu mzima. Lakini tembo huyo huyo, akiwa amechorwa kwa rangi inayong'aa katika ubao wa mraba, amewalisha mamia ya Watanzania na familia zao. Aliyeianzisha riziki hiyo ni Edward Saidi Tingatinga, mtu ambaye hakupata kukanyaga shule ya sanaa.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, katika mkoa ambao leo ni Ruvuma, kwenye familia ya wakulima. Elimu aliyoipata ilikuwa ndogo. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, katika miaka ya 1950 aliondoka kwao kufuata kazi katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga, na baadaye akahamia Dar es Salaam. Huko alifanya kazi nyingi za mikono, ikiwemo utumishi katika nyumba ya ofisa mmoja Mwingereza. Jioni alipiga muziki pamoja na wenzake waliotoka kusini.

Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36, alianza kuchora. Hakuwa na fedha za kununulia turubai wala rangi za wasanii. Alichukua hadibodi, zile mbao nyembamba za kufunikia dari, akazikata miraba, kisha akapaka rangi ya mafuta iliyokusudiwa baiskeli. Mandhari ilikuwa ya rangi moja au mbili tu, na katikati alisimama mnyama mmoja au ndege, mkubwa, akiujaza ubao wote. Macho yalikuwa ya mviringo, na ngozi ilipambwa kwa madoa na mistari. Uhaba wa vifaa ndio ulioipa kazi yake sura isiyofanana na nyingine.

Picha hizo ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, eneo la Oysterbay, ambako wageni wengi walifika kununua mahitaji ya nyumbani. Wateja waliongezeka haraka. Hata hivyo, Tingatinga aliendelea na kibarua cha uhudumu katika Hospitali ya Muhimbili, kwani mwenye familia hawezi kuitegemea brashi pekee.

Kuchora kwenyewe hakukuwa jambo geni nchini. Katika Usukuma, Wayeye, chama cha wacheza nyoka, walikuwa na desturi ya kuchora nyoka, watu na wanyama katika kuta za nyumba walimofundishwa wanachama wapya. Hans Cory alichapisha kitabu kuhusu michoro hiyo mwaka 1953. Lakini michoro ya Wayeye ilikuwa mali ya chama. Haikuuzwa, na ukuta ulipobomoka nayo ilikwisha. Tingatinga alichora kitu ambacho mpita njia angeweza kukinunua, akakibeba kwapani na kuondoka nacho.

Kazi ilipomzidi, aliwaita jamaa na marafiki wamsaidie. Miongoni mwao walikuwa Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia na Kasper Tedo. Hapakuwa na darasa wala cheti. Mwanafunzi alikaa kando ya mwalimu, akajaza rangi pale alipoelekezwa, na mkono ulipozoea akapewa ubao wake.

Mwaka 1972, Tingatinga akiwa ndani ya gari usiku jijini Dar es Salaam, polisi waliokuwa wakiwasaka wezi walidhani gari hilo ni la wahalifu. Walifyatua risasi, naye akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 40, na alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Historia ya sanaa inamjua mtu mwingine ambaye muda mfupi ulimtosha. Anthony van Dyck, Mflemi aliyezaliwa Antwerp mwaka 1599, aliitwa London na Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1632, akapewa cheo cha heshima, nyumba na posho ya kila mwaka. Alifariki mwaka 1641 akiwa na miaka 42. Zaidi ya karne moja baadaye, Joshua Reynolds na Thomas Gainsborough walikuwa bado wakijifunza kutoka kwake namna ya kuchora sura za wakubwa wa Uingereza. Lakini Van Dyck alibebwa na kasri, na picha zake zilitunzwa na wafalme. Tingatinga hakuwa na mfalme. Waliombeba ni wanafunzi wake.

Baada ya msiba walibaki pale pale Morogoro Stores wakiendelea kuchora, na mwaka 1990 ushirika wao ulisajiliwa kwa jina la mwalimu. Mpata alihamia Nairobi, na picha zake zikapata wapenzi hadi Japani. Mwaka 2010 televisheni za Ulaya zilianza kuonyesha katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo huo na kubeba jina hilo.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama yake. Kwa kuwa kila fundi alijifunza kwa kuiga, picha zilifanana, na soko likajaa nakala za nakala. Kazi zilizochorwa na Tingatinga kwa mkono wake mwenyewe ni chache, na nyingi ziliondoka nchini pamoja na wageni walizozinunua. Mtanzania anayetaka kuona alichokichora mwanzilishi hulazimika mara nyingi kukitazama katika vitabu.

Kwa Kiswahili cha kila siku, tingatinga ni mtambo unaosukuma udongo na kufungua barabara mahali ambapo haikuwepo. Edward Saidi hakulichagua jina hilo kwa sababu ya uchoraji. Alilirithi katika ukoo wake. Barabara aliyoifungua inapitwa na wengi wasiojua kwamba Tingatinga alikuwa mtu.