John Venn na Maduara ya Kutafutia Maarifa

Miongoni mwa zana ambazo mwalimu wa shule ya msingi huzitumia bila kuuliza zilikotoka ni maduara mawili yanayopandana. Huchorwa ubaoni kwa chaki katika dakika moja, na mtoto huona mara moja ni vitu vipi vilivyo vya kundi hili, vipi vya kundi lile, na vipi vilivyo vya makundi yote mawili. Katika Afrika Mashariki maduara haya yalienea madarasani pamoja na hisabati ya seti katika miaka ya 1960, wakati vitabu vilivyotungwa katika warsha za Entebbe, Uganda, zilizoanza mwaka 1962, vilipokuwa vikitumika. Siku hizi yana kazi nyingine kubwa: humsaidia mwalimu na mtafiti kuunda maswali ya kuiuliza hifadhidata ya utafiti, yaani ghala la kumbukumbu za maandishi ya kitaalamu linalotunzwa katika kompyuta.

Makala haya yanaeleza maisha ya John Venn, ambaye maduara hayo yamepewa jina lake, na mambo ambayo mwalimu anayejiandaa kufundisha anaweza kuyapata kutokana na kazi yake.

Malezi yake

John Venn alizaliwa tarehe 4 Agosti 1834 katika mji wa Hull, Uingereza. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, naye akalelewa na baba yake katika nyumba yenye nidhamu kali. Ukoo wake ulikuwa ukoo wa makasisi. Babu yake, aliyeitwa pia John Venn, alikuwa mmoja wa waasisi wa Church Missionary Society mwaka 1799, na alikuwa katika kundi la watu waliopigania kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Baba yake, Henry Venn, alikuwa katibu wa chama hicho kwa muda wa miaka thelathini hivi kuanzia mwaka 1841.

Hapo ndipo historia ya ukoo huu inapokutana na pwani yetu. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846, walikuwa watumishi wa chama hicho. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, ilitokana na maneno aliyoyakusanya katika miaka ile. Hivyo, wakati kijana John alipokuwa akisoma London, habari za Mombasa na Rabai zilikuwa zikifika katika ofisi aliyoiongoza baba yake.

Masomo na kazi ya ualimu

Mwaka 1853 Venn alijiunga na chuo cha Gonville and Caius katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1857 alimaliza mtihani wa hisabati akiwa wa sita katika daraja la kwanza, na mwaka huohuo akachaguliwa kuwa mwanachama wa kudumu wa chuo chake. Alifuata desturi ya ukoo akawa kasisi, akahudumu kwa miaka michache katika makanisa ya parokia. Mwaka 1862 alirudi Cambridge kufundisha mantiki na falsafa. Mwaka 1867 alimwoa Susanna Edmonstone, nao wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume, John Archibald, aliyezaliwa mwaka 1883.

Kitabu chake cha kwanza kikubwa kilitoka mwaka 1866, nacho kilihusu uwezekano wa matukio. Humo alishikilia kwamba tunaposema tukio lina uwezekano fulani, maana yake ni kwamba likirudiwa mara nyingi sana litatokea kwa kadiri hiyo. Kwa maneno mengine, alitaka madai yapimwe kwa hesabu ya mambo yaliyotokea, wala si kwa nguvu ya imani ya mtu moyoni.

Katika mantiki alivutiwa sana na kazi ya George Boole. Inafaa wanachuo wamjue Boole, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa shule. Alizaliwa Lincoln mwaka 1815, akaanza kufundisha akiwa na umri wa miaka kumi na sita, na akafungua shule yake mwenyewe kabla hajafikisha miaka ishirini. Katika vitabu vyake vya mwaka 1847 na 1854 alionyesha kwamba hoja za kimantiki zinaweza kuandikwa na kukokotolewa kama hesabu za aljebra. Lakini aljebra hiyo ilikuwa ngumu kwa wengi. Hoja ilitoweka ndani ya herufi, na mwanafunzi akabaki akigeuza alama asizoziona maana. Venn alitafuta njia ya kuionyesha hoja hiyohiyo kwa macho.

Kasoro ya maduara ya zamani

Venn hakuwa wa kwanza kuchora maduara. Mwanahisabati Leonhard Euler alikuwa ameyatumia katika barua alizomwandikia binti wa ukoo wa kifalme wa Kijerumani kati ya mwaka 1760 na 1762. Kwa Euler, kila sentensi ilikuwa na picha yake. Ikiwa kila mwalimu ni msomaji, duara la walimu huchorwa ndani ya duara la wasomaji. Ikiwa hakuna samaki mwenye manyoya, maduara mawili huchorwa mbalimbali.

Venn aliona kasoro. Picha ya namna hiyo humlazimisha mchoraji kujua yote kabla ya kuanza. Sentensi isemayo kwamba kila mwalimu ni msomaji haituambii kama wapo wasomaji wasio walimu. Lakini ukilichora duara dogo ndani ya kubwa, umekwisha kuonyesha kwamba wapo. Na habari mpya ikija baadaye, huna budi kufuta mchoro wote na kuanza upya.

Katika makala yake ya Julai 1880 alipendekeza utaratibu mwingine. Kwanza, chora maduara yapandane hata pawe na chumba kwa kila hali inayowezekana. Kwa maduara mawili, ukihesabu na nje, vyumba ni 4. Kwa matatu ni 8. Kisha, kila upatapo habari, tia kivuli katika vyumba ambavyo habari hiyo inasema ni vitupu. Chumba kisichotiwa kivuli hakisemi kwamba kina kitu. Kinasema kwamba bado hatujui. Mchoro haufutwi tena, bali unaongezewa kadiri maarifa yanavyoongezeka.

Kwa makundi manne maduara ya kawaida hayatoshi, kwa sababu maduara manne, hata yapangweje, hayawezi kutoa zaidi ya vyumba 14, ilhali vinahitajika 16. Venn akatumia duaradufu, yaani maumbo yaliyorefushwa kama yai. Akaeleza pia kifaa cha mbao kilichofuata mchoro huo, ambacho ndani yake kila chumba kilikuwa kipande kinachoweza kuangushwa badala ya kutiwa kivuli. Alikuwa fundi kweli. Alitengeneza hata mashine ya kurushia mipira ya kriketi, na timu ya Australia ilipozuru Cambridge mwaka 1909, mashine hiyo ilimtoa mmoja wa wachezaji wao hodari mara nne.

Mwaka 1881 alitoa kitabu kikubwa cha mantiki ya alama. Humo alieleza kwa makini kazi za waliomtangulia, na mwenyewe aliyaita maduara hayo kwa jina la Euler. Mchoro huo ulipewa jina la Venn na mwandishi mwingine, C. I. Lewis, katika kitabu cha mwaka 1918.

Daftari la majina

Mwaka 1883 Venn alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Mwaka huohuo aliacha ukasisi, kwa kuwa aliona fikra zake hazipatani tena na kiapo cha kazi hiyo. Hata hivyo hakuacha kuwa muumini wa kanisa lake. Mwaka 1888 alikitolea Chuo Kikuu mkusanyo wake mkubwa wa vitabu vya mantiki.

Tangu hapo nguvu zake zilihamia katika kazi ya namna nyingine. Alianza kukusanya habari za kila mtu aliyepata kuwa mwanachuo wa Gonville and Caius tangu karne ya 14, na sehemu ya kwanza ikachapishwa mwaka 1897. Kisha, pamoja na mwanawe, akaingia kazi kubwa zaidi: orodha ya wanachuo wote wa Cambridge tangu mwanzo hadi mwaka 1900, iliyoitwa Alumni Cantabrigienses. Walipekua madaftari ya vyuo, ya makanisa na ya shule, wakilinganisha tarehe na mahali pa kuzaliwa ili watu wawili wenye jina moja wasihesabiwe kuwa mmoja. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1922. Venn alifariki Cambridge tarehe 4 Aprili 1923, akiwa na umri wa miaka 88. Mwanawe aliiendeleza kazi hiyo, na kitabu cha kumi na cha mwisho kilitoka mwaka 1954.

Vitabu hivyo vilipangwa kwa alfabeti ya majina. Aliyejua jina alipata habari upesi. Lakini aliyetaka kujua ni nani waliozaliwa katika jimbo fulani na baadaye wakawa waganga alilazimika kusoma kurasa zote. Baadaye habari hizo ziliingizwa katika hifadhidata ya kompyuta, na sasa swali kama hilo hujibiwa kwa kuchukua kundi la waliozaliwa mahali pale na kundi la waganga, kisha kutazama makundi hayo yanapopandana. Maduara ya Venn yamekuwa ufunguo wa kulifungulia daftari la Venn.

Maduara na utafutaji wa maandishi

Hifadhidata nyingi za utafiti huulizwa kwa maneno matatu yatokanayo na aljebra ya Boole: NA, AU na SI. Katika nyingi maneno hayo huandikwa kwa Kiingereza, lakini kanuni ni moja. NA huchukua chumba cha makutano peke yake. AU huchukua maduara yote mawili. SI huondoa duara zima.

Hapa lugha ya kila siku hutupoteza. Mtu akiomba maandishi ya Kenya na Tanzania, kwa kawaida anataka ya Kenya pamoja na ya Tanzania. Mashine ikipewa NA itampa yale tu yanayozitaja nchi zote mbili, na mengine yote yatabaki ghalani. Alichokitaka kwa hakika ni AU. Mwalimu asiyelitambua hilo ataona matokeo machache, atadhani hakuna aliyepata kulichunguza jambo lake, naye ataanza upya kazi ambayo wenzake wamekwisha kuifanya.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayetafuta tafiti juu ya utoro katika hifadhidata ya elimu ya ERIC, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1964 na ambayo yeyote aweza kuitumia bila malipo. Achore maduara matatu. La kwanza ni la utoro, na ndani yake aandike pia mahudhurio, kwa kuwa waandishi hawatumii neno moja. La pili ni la shule za msingi. La tatu ni la Kenya AU Tanzania. Maneno yaliyo ndani ya duara moja huungwa kwa AU na kufungwa katika mabano. Maduara yenyewe huungwa kwa NA. Asiposahau mabano, mashine itafuata mchoro wake.

Neno SI lahitaji tahadhari zaidi. Mwalimu huyo akisema SI sekondari, atakuwa amezitupa pia tafiti zilizochunguza shule za msingi na za sekondari kwa pamoja. Katika maandishi hasara hiyo haionekani. Katika mchoro inaonekana mara moja, kwani duara la sekondari linakata kipande cha duara la msingi na kuondoka nacho.

Wataalamu wameendelea kuuboresha mchoro huu kwa ajili ya kompyuta. Mwaka 1993 Anselm Spoerri alieleza chombo kiitwacho InfoCrystal, ambacho hukibadili kila chumba cha mchoro wa Venn kuwa alama yenye kuonyesha idadi ya maandishi yaliyomo. Vyombo vingine vya baadaye hutumia visanduku vinavyosogezwa kwenye kioo cha kompyuta. Lakini hakuna picha inayoweza kumchagulia mwalimu maneno ya kutia ndani ya duara. Hiyo ni kazi ya anayelijua somo.

Matumizi darasani

Zana hii haihitaji kompyuta wala fedha. Katika darasa la tatu, mwalimu achore maduara mawili makubwa uwanjani, yakiwa yamepandana. Moja liwe la wanaokuja shuleni kwa miguu, na jingine la wenye ndugu katika shule hiyo. Kila mtoto atafute mahali pake, naye aeleze kwa sentensi kamili kwa nini amesimama pale. Chumba kikibaki kitupu, mwalimu asikipite. Awaulize watoto kama ni kitupu kwa bahati ya siku hiyo, au kwa sababu haiwezekani kiwe na mtu.

Chuoni, wanachuo waandike vichwa ishirini vya makala kutoka maktaba yao, kila kimoja katika kadi yake, na kuzipanga kadi katika maduara matatu yaliyochorwa mezani kabla ya kugusa kompyuta. Baadaye waandike swali la utafutaji kwa NA, AU na SI, na walinganishe swali hilo na kadi zilivyokaa. Makosa yataonekana mezani, ambako kuyasahihisha ni rahisi.

Maswali ya majadiliano

1. Eleza tofauti kati ya mchoro wa Euler na ule wa Venn katika kuonyesha jambo ambalo bado halijajulikana.
2. Toa mifano mitatu ya Kiswahili ambamo neno na lina maana ya AU katika utafutaji.
3. Chagua tatizo moja la darasa lako la mazoezi. Lichoree maduara matatu, na katika kila duara uandike maneno yasiyopungua mawili yenye maana zinazokaribiana.