William Lee, mtu aliyebuni mashine ya kufuma, na waliokuja kuirahisisha

Muhula wa shule unapokaribia, kuna nguo moja ambayo mzazi wa Tarime hawezi kuikwepa: sweta. Huku kwetu milimani, asubuhi za Juni na Julai mtoto hutoka nyumbani amejikunyata kwa baridi, na sweta si urembo. Mengine huletwa sokoni yakiwa tayari. Mengine hufumwa na fundi mwenye mashine ya mkono, ile inayofungwa mezani, yenye kigari kinachosukumwa kwenda na kurudi huku kikitoa sauti ya shaa, shaa.

Ukiiangalia mashine hiyo kwa karibu utashangaa jinsi ilivyo na vitu vichache. Kuna bati lenye mifereji, sindano zimelala ndani ya mifereji, na kigari kinapita juu. Basi. Fundi anaweza kuifungua chini ya mti, akaisafisha na kuirudisha kabla ya chakula cha mchana.

Haikuanza hivyo. Mashine ya kwanza ya kufuma duniani ilikuwa na vipande zaidi ya 2,000, na aliyeibuni alihangaika nayo robo karne akafa bila kufaidika. Leo tunawasimulia habari zake, kisha tutasema ni nani waliokuja nyuma yake wakaipunguza mashine ile mpaka ikakaa juu ya meza.

Kwanza, kufuma ni nini?

Tuweke jambo moja sawa, maana Kiswahili chetu hutumia neno kufuma kwa kazi mbili. Khanga na kitenge hutengenezwa kwa nyuzi nyingi zilizonyooka, nyingine zikipita juu na chini yake, kama ukili wa mkeka. Sweta, soksi na fulana hutengenezwa kwa namna nyingine: uzi unajikunja kuwa vitanzi, na kila kitanzi kinapita ndani ya kitanzi kilichotangulia. Ndiyo maana khanga haivutiki na sweta linavutika. Ndiyo maana pia ukikata uzi mmoja wa sweta na kuuvuta, nguo inafumuka mstari baada ya mstari. Makala haya yanahusu kazi ya vitanzi.

Kasisi wa Calverton

William Lee alizaliwa Uingereza katika miaka ya 1560, na kijiji kinachotajwa kuwa chake ni Calverton, karibu na mji wa Nottingham. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, na watu wa kwao humkumbuka kama kasisi wa kanisa la kijijini. Hakuwa mhunzi wala seremala.

Wakati huo soksi ndefu zilivaliwa na wanaume kwa wanawake, tena zilifika juu ya goti. Zote zilifumwa kwa mkono. Katika nyumba za wakulima, mama, binti na hata wazee walifuma wakati wa jioni na siku za mvua ili kupata fedha za chumvi na kodi. Ilikuwa kazi ya watu maskini, na ilikuwa nyingi.

Kuna hadithi kwamba Lee alimpenda binti fulani, lakini kila alipokwenda kumtembelea, binti aliangalia sindano zake kuliko kumwangalia mgeni. Hadithi nyingine inasema ni mke wake aliyefuma usiku kucha ili familia ipate kula, naye Lee akakaa kando akiangalia vidole vyake. Sisi hatuegemei sana upande wowote, ila hadithi zote mbili zinakubaliana kwamba mtu huyu alikaa muda mrefu akiangalia mikono ya mwanamke anayefuma. Mashine yake inaonyesha hivyo.

Anayefuma kwa mkono ana sindano mbili. Moja imebeba vitanzi vyote vya mstari uliokwisha. Nyingine inavichukua kimoja kimoja: inaingia kwenye kitanzi cha zamani, inavuta uzi mpya kupitia humo, kisha kitanzi cha zamani kinaachiwa. Sweta zima ni hatua hiyo moja, ikirudiwa maelfu kwa maelfu.

Lee angeweza kujaribu kutengeneza mikono ya chuma inayoiga mikono ya mtu. Kama angefanya hivyo, tunadhani angekwama. Yeye aliachana kabisa na zile sindano mbili akakipa kila kitanzi sindano yake. Mstari ukiwa na vitanzi 200, basi sindano 200 zimepangwa sambamba kama meno ya kitana, na mstari mzima unafumwa kwa mkupuo mmoja.

Sindano yenyewe ilikuwa waya mwembamba ambao ncha yake imekunjwa kurudi nyuma, kama ndoana ndefu. Mafundi waliiita ndevu. Ukizibonyeza ndevu hizo, ncha inaingia kwenye kijishimo kilicho kwenye shina la sindano na ndoana inafungwa. Ukiziachia, inafunguka yenyewe.

Kazi ilikwenda hivi. Uzi ulilazwa juu ya sindano zote. Vibati vyembamba vilivyokaa katikati ya sindano na sindano vilishuka na kuusukuma uzi mpaka ukawa mawimbi, na kila wimbi likawa kitanzi kipya. Mawimbi yakasogezwa ndani ya ndoana. Kisha nondo moja ikashuka na kubonyeza ndevu zote kwa pamoja. Vitanzi vya zamani vikateleza juu ya ndoana zilizofungwa vikaangukia upande wa pili, na vipya vikabaki vimeshikwa. Mstari umekwisha, unaanza mwingine.

Hiyo ilikuwa mwaka 1589. Mtu hodari wa kufuma kwa mkono hufikisha vitanzi kama 100 kwa dakika. Mashine ya Lee ilifikisha kama 500 au 600.

Malkia akatae, mfalme akatae

Lee aliipeleka mashine London, akitaka Malkia Elizabeth wa Kwanza ampe hataza, yaani hati inayomlinda mvumbuzi ili wengine wasiige kazi yake bila ruhusa. Malkia alikataa. Masimulizi yaliyoandikwa baadaye yanataja sababu mbili. Ya kwanza, aliwahurumia wanawake na wasichana maskini walioishi kwa kufuma, akaona mashine itawafanya ombaomba. Ya pili, soksi zilizotoka kwenye mashine zilikuwa nene, za manyoya ya kondoo, naye alizoea za hariri.

Kuhusu sababu ya pili, Lee alirudi kazini. Mashine ya kwanza ilikuwa na sindano 8 katika upana wa inchi moja. Ili kufuma hariri alihitaji kama 20 katika upana ule ule, maana yake kila sindano na kila kibati viwe vyembamba zaidi ya nusu. Hakukuwa na kiwanda cha kuvikata. Kila kimoja kilifuliwa na kunolewa kwa tupa. Ilimchukua takriban miaka tisa. Kufikia 1598 alikuwa anafuma soksi za hariri, na hataza bado hakupewa.

Kuhusu sababu ya kwanza, hakuwa na jibu la kutengenezwa kwa tupa. Tunaomba msikilizaji asimcheke malkia haraka. Mtu anayeishi kwa kazi ya mikono anapoona mashine inafanya kazi ya watu watano, ana haki ya kuuliza wale wanne watakwenda wapi.

Mwaka 1600 Lee alifunga mkataba wa ushirika na mtu wa ukoo mkubwa, George Brooke, aliyekuwa atoe fedha. Ilikuwa nuru kidogo. Lakini mwaka 1603 Malkia Elizabeth alifariki, James wa Kwanza akashika ufalme, na Brooke akapatikana na hatia ya kula njama dhidi ya mfalme huyo mpya. Akauawa mwaka huo huo. Mfalme James naye hakumpa Lee hataza.

Basi Lee akavuka bahari pamoja na ndugu yake James, mafundi wachache na mashine zao, wakaingia Ufaransa. Mfalme Henri wa Nne alikuwa akivutia mafundi wa hariri nchini mwake, na kazi ikawekwa katika mji wa Rouen. Mwaka 1610 mfalme huyo akachomwa kisu barabarani Paris, akafa. Lee hakukata tamaa. Mwaka 1612 alifunga mkataba mwingine Rouen, na mtu aitwaye Pierre de Caux. Lakini mlinzi wake hakuwepo tena. Alifariki Paris mnamo 1614, akiwa amepita miaka 50 kidogo, na masimulizi yanasema alikufa katika dhiki.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. James alirudi Uingereza na mashine nyingi kati ya zile walizoondoka nazo.

Mwenye kinu anapunguza vipande

Hapa anaingia mtu ambaye hatajwi sana, na sisi tungependa atajwe zaidi. Jina lake ni Aston, mwenye kinu cha kusagia nafaka katika kijiji cha Thoroton, si mbali na Nottingham. Alikuwa amejifunza kazi kwa Lee.

Katika mashine ya Lee, kila kibati cha kusukuma uzi kilikuwa na wenzo wake. Vibati 200, nyenzo 200, kila mmoja na pini yake na mahali pake pa kukwama. Aston alijiuliza kama kweli vyote vinahitaji kwenda kivyake. Akachukua kibati kimoja kati ya kila viwili, akavifunga hivyo vyote kwenye nondo moja vishuke kwa pamoja, akabakiza nyenzo kwa vile vingine tu. Nyenzo zikapungua nusu. Mashine ikawa nyepesi, bei ikashuka, na kuitengeneza ikaharibikapo kukawa rahisi. Ni mashine hii iliyopunguzwa iliyoenea vijijini kuzunguka Nottingham.

Ilienea kiasi kwamba mwaka 1696 Uingereza ilipiga marufuku kuzipeleka nje ya nchi. Kitu kilichokataliwa na watawala wawili sasa kililindwa kwa sheria kisiibwe.

Na hofu ya malkia? Ilitimia, ila baada ya miaka zaidi ya 200, na kwa njia nyingine. Mwaka 1811 na 1812 wafumaji wa Nottingham waliingia usiku kwenye nyumba za kazi na kuvunja mashine kwa nyundo. Hao hawakuwa wafumaji wa mikono. Walikuwa wanaofuma kwa mashine hizo hizo. Wengi walizikodi kwa matajiri, kodi ikakatwa kwenye ujira kila wiki, ujira wenyewe ukawa unashushwa. Serikali ilijibu kwa sheria ya mwaka 1812 iliyofanya kuvunja mashine kuwa kosa la kunyongwa.

Sindano inayojifunga yenyewe

Bado mashine ilihitaji mikono miwili, miguu miwili na mgongo imara, kwa sababu ya ile nondo ya kubonyeza ndevu. Mwaka 1849 Mwingereza wa mji wa Leicester, Matthew Townsend, alipata hataza ya sindano mpya. Badala ya ndevu, ina ndoana fupi na ulimi mdogo unaocheza kwenye pini, mfano wa komeo la mlango. Sindano inapopanda, kitanzi cha zamani kinausukuma ulimi ukafunguka. Sindano inapokamata uzi mpya na kushuka, kitanzi kile kile kinauinua ulimi ukafunga ndoana, kisha kinateleza juu yake na kutoka. Kitanzi chenyewe ndicho kinachofungua na kufunga. Nondo ya kubonyeza ikakosa kazi.

Mmarekani Isaac Lamb ndiye aliyeona sindano hiyo inaweza kufika wapi. Katika mashine aliyoipatia hataza mwaka 1863, sindano zinalala kwenye mifereji ya mabati mawili yaliyoegemeana kama paa la nyumba. Kila sindano ina kisigino kilichochomoza. Kigari kinapopita, njia iliyopinda chini yake inavipandisha visigino na kuvishusha, kimoja baada ya kingine. Kwa mashine hiyo moja ukafuma kitambaa bapa, ukafuma bomba kama soksi, ukafuma pia ile miraba inayovutika ya shingoni na mikononi mwa sweta. Mwaka 1867 ilionyeshwa Paris, Mswisi Edouard Dubied akanunua haki ya kuitengeneza, na kutoka hapo aina hiyo ikasambaa duniani.

Mashine za mkono zinazotumiwa na mafundi wa masweta leo ni za ukoo huo, ziwe na mabati mawili au moja. Cha Lee kilichobaki ndani yake ni kile cha kwanza kabisa: kila kitanzi na sindano yake.

Kwa anayemiliki moja, hili lina maana siku ambayo kitambaa kinatoka na mstari ulioachia kutoka juu hadi chini. Mara nyingi ni ulimi wa sindano moja umepinda au umeziba kwa vumbi la nyuzi. Hesabu mpaka uifikie sindano hiyo, vuta ukanda unaozishikilia sindano zote, itoe, weka nyingine ukihakikisha ulimi unacheza, rudisha ukanda. Paka tone la mafuta mepesi ya cherehani, pitisha kigari pole pole mara moja bila uzi, halafu endelea na sweta la mtoto.